Tundu la ukuta wa matumbawe: simiti ilinishinda, chokaa imekaa

Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu, ni ya mawe ya matumbawe, na kuta zake unene wake unakaribia mkono mzima. Chumba cha wanangu kilikuwa na tundu palipooza kichwa cha boriti ya zamani. Nilitia mkono ukazama hadi kiwiko.

Fundi wa kwanza alilijaza simiti asubuhi, jioni akalipiga rangi, nikamlipa nikafurahi. Masika yalipopita, ukuta ulianza kutoa chumvi nyeupe pembeni mwa kiraka, laini kama unga wa muhogo. Ukikigonga kinalia kitupu. Simiti yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Kilichokuwa kikiliwa ni jiwe letu lililoizunguka. Usiku mmoja kipande kikubwa kikaanguka karibu na mto wa mtoto. Nilikaa naye mpaka alfajiri, sikupata usingizi.

Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja anayefanya kazi ya chokaa. Nakiri nilikuwa nikidhani chokaa ni masharti ya watu wa urithi tu, tangu UNESCO ilipoutia mji wetu kwenye orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ami huyu alinieleza kwa maneno machache: tumbawe ni jiwe lenye vitundu, linanyonya unyevu na kuutoa. Simiti inauziba njia, basi unyevu unatokea ubavuni pamoja na chumvi yake, na jiwe linamomonyoka.

Kazi yenyewe niliitazama mwanzo hadi mwisho. Alibomoa simiti yote kwa patasi, pole pole, akafagia vumbi kwa brashi mpaka ndani kabisa. Kisha akarusha maji, akangoja, akarusha tena. "Mwanangu, ukuta huu una kiu. Usiponyweshwa utainywa chokaa yangu."

Chokaa alikuja nayo kwenye ndoo, imelowekwa muda mrefu, nzito kama mtindi, ikashika kwenye mwiko hata alipougeuza chini juu. Aliiminya vidoleni kutafuta chembe, kwa sababu chembe isiyoiva huja kufura baadaye na kupasua lipu. Fungu moja la chokaa kwa matatu ya mchanga. Mchanga ulikuja kwa punda, na aliuliza mara mbili kama ni wa ufuoni. Wa ufuoni una chumvi, hautaki.

Shimo halikujazwa kwa mkupuo mmoja. Alipachika vipande vya tumbawe ndani kabisa, akavibana kwa chokaa, akaacha. Siku ya tatu akarudi na tabaka jingine lisilozidi unene wa kidole, akalichanja michirizi kwa ncha ya mwiko ili linalofuata lishike. Chokaa huwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa, na tabaka nene halivuti mpaka ndani. Kati ya siku hizo kazi ilikuwa yangu: kutundika gunia bichi na kulinyunyizia asubuhi na jioni lisikauke kwa haraka likapasuka.

Alikuja mara tano katika wiki tatu. Nilimlipa shilingi 1,500 kila siku aliyokuja, mchanga na chokaa mbali. Kwa hesabu hiyo ni ghali kuliko simiti, na watoto walilala sebuleni muda wote. Mwenye haraka ya kupokea wageni ataona tabu. Jambo jingine: usipake rangi ya mafuta juu yake, utarudi kulekule. Sisi tumepaka chokaa nyepesi, na kiraka bado kinaonekana cheupe zaidi ukikitazama kwa jua la asubuhi. Na watoto wasisogee wakati wa kuchanganya. Chokaa mbichi inachoma ngozi, na ikiingia jichoni ni balaa.

Sasa ni miezi minane, masika mengine yamepita. Nagonga kila Ijumaa nikifagia: mlio ni mzito, chumvi hakuna, na mtoto amerudi kulala palepale.

Ndoo nusu ilibaki. Ami alinifundisha kuifunika kwa maji ya vidole viwili ili isigande, nayo ipo chini ya ngazi inasubiri tundu la jikoni.