Tamthilia Nyepesi za Kutazama, na Kicheko cha Mashine Kinachoniudhi

Haya, karibuni tena watazamaji wangu. Wengi mmeniomba kitu kimoja: tamthilia za kuchekesha na filamu za televisheni za kupumzisha kichwa, zisizo na damu ukutani wala mtu anayelia tangu mwanzo hadi mwisho. Nimewaletea, na nyingine ni nzuri mno, nimezitazama nikiwa nimejishika mbavu. Ila kabla sijataja hata moja, nina dukuduku na lazima nilitoe. Ni kuhusu kicheko cha mashine. Kile kicheko cha kupachikwa, unasikia umati unacheka na umati wenyewe haupo. Hicho ndicho kimeamua nani anaingia kwenye orodha yangu na nani anabaki nje.

Tuangalie pamoja. Hapa kwenye skrini nimeweka kipande kifupi cha vichekesho vya zamani. Jina silitaji, maana ziko nyingi za namna hii na kosa lao ni lilelile. Mtazame huyu bwana. Anaingia mlangoni, anavua koti, anasema neno lake, na umati unaangua kicheko. Mmesikia? Sawa. Sasa nakiondoa kicheko, nabakiza maneno peke yake. Tazama tena. Anaingia. Anavua koti. Anasema. Halafu... anasimama. Anamkodolea mwenzake macho, mwenzake naye anamkodolea. Yule dada pale mezani ameinua kikombe, kikombe hakifiki mdomoni wala hakirudi mezani. Kisha wote wanaanza kuongea tena kana kwamba kuna mtu amewabonyeza. Narudisha nyuma, safari hii angalia macho yao tu, maneno achana nayo. Umeona? Wanasubiri! Wanamsubiri mtu asiyekuwepo amalize kucheka.

Subiri, bado. Nafanya kinyume chake. Nakichukua kile kicheko, nakiweka juu ya picha hii niliyopiga mwenyewe: mkono unamimina maji kwenye glasi. Hakuna kingine. Sikiliza. Maji yanaingia, umati unacheka. Glasi inajaa, umati unapiga makofi. Na wewe hapo umetabasamu, najua, kila niliyemwonyesha ametabasamu. Maji yamekuchekesha nini? Hayajakuchekesha kitu. Umecheka kwa sababu umesikia watu wanacheka. Ndiyo maana nakasirika, kwa kuwa mwandishi mvivu anaweza kuandika utani mbovu, akabonyeza kitufe, na wewe ukamlipa tabasamu lako bure.

Na kitufe nisemacho kilikuwa kitufe kweli. Miaka ya 1950 kule Marekani kulikuwa na fundi sauti anaitwa Charley Douglass. Alitengeneza sanduku lenye vitufe kama vya taipureta, kila kimoja na vicheko vyake: cha kike, cha kiume, cha mtu anayecheka chinichini, cha ukumbi mzima. Chini kulikuwa na pedali ya mguu ya kuamua kicheko kirefuke au kikatike. Watayarishaji wakawa wanamwita aje "kutia sukari" kwenye vipindi vyao, na sanduku lenyewe alilifunga kwa kufuli ili wengine wasijue kilichomo. Kwa ufundi namvulia kofia. Kwa matokeo, hapana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni M*A*S*H, ile ya madaktari wa jeshi kwenye vita vya Korea, 1972 hadi 1983. Waliokuwa wakiitengeneza hawakutaka kicheko kabisa. Kituo cha CBS kikashikilia lazima kiwepo. Wakavutana mpaka wakafika mahali pa kukubaliana: kicheko kiwepo kambini, lakini ndani ya chumba cha upasuaji kisiingie. Basi ukitazama unasikia tofauti waziwazi. Nje umati unacheka, mlango wa upasuaji ukifunguka, kimya, na utani wanaotaniana pale juu ya majeruhi unakuchoma. Uingereza BBC iliirusha bila kicheko. Na kama una DVD zake, ingia kwenye chaguo za sauti, utakuta unaweza kukizima. Fanya hivyo! Tazama sehemu moja nacho, uitazame tena bila, halafu njoo uniambie.

Sasa najua wapo wanaotaka kunirukia. "Mbona Friends ina kicheko na unaipenda?" Naam, naipenda, na hapo lazima nitenganishe mambo. Friends, ile ya marafiki sita wa New York, ilirekodiwa mbele ya watu waliokaa vitini. Ule umati ni wa kweli hata kama sauti ilirekebishwa baadaye, na waigizaji wanaupanda kama mashua inavyopanda wimbi. Fawlty Towers, ile ya Waingereza kuhusu hoteli yenye vurugu, vilevile. Ile ina sehemu 12 tu, nakazia, kumi na mbili! Sita mwaka 1975, sita mwaka 1979, wakafunga kazi. John Cleese na Connie Booth waliandika kila kitu kikiwa kimebanana, hakuna neno la kujazia. Humo unamsikia mtu mmoja ukumbini anaanza kucheka kabla ya wenzake kwa sababu ameshaona balaa linakuja, na wewe ukiwa peke yako nyumbani unajikuta na wenzako. Kwa hiyo nikisema nachukia kicheko, nachukia cha mashine. Ingawa... nikiendelea kuwa mkweli kwenu, hata umati wa kweli ukizidi unachosha. Baada ya sehemu nne mfululizo za Friends masikio yangu yanaomba kimya.

Na kimya ndicho kinachonipeleka kwa Kapteni Holt. Brooklyn Nine-Nine, 2013 hadi 2021, kituo cha polisi, kundi la wapelelezi wenye vituko. Hadithi sitawasimulia, nadhani wengi mmeshaiona au mmesimuliwa. Nataka tumwangalie mtu mmoja tu, hayati Andre Braugher, aliyeigiza Kapteni Holt, mkuu wa kituo. Nimekata vipande kadhaa hapa. Mtazame anapotoa habari ya furaha: uso haubadiliki. Mtazame anapokasirika: uso ni uleule. Sasa angalia hapa, anamaliza kusema na kamera inabaki kwake kitambo kidogo. Hakuna muziki. Hakuna umati. Ni jicho la kushoto tu linalosogea kidogo sana. Nimeanguka! Ungeweka kicheko cha mashine juu ya hilo jicho ungeliua, usingeliona hata. Braugher alikuwa mwigizaji mzito wa tamthilia za huzuni kabla ya hapo, na uzito wote ule akauleta kwenye utani bila kupunguza hata gramu. Mwaka 2018 kituo cha Fox kiliifuta tamthilia hii, mashabiki wakapiga kelele mitandaoni, na siku iliyofuata NBC wakaichukua. Misimu ya mwisho imeshuka kidogo kwa maoni yangu. Misimu mitano ya kwanza usiruke hata sehemu moja.

Kabla sijaendelea, habari za chaneli kwa ufupi. Kuanzia sasa video zinatoka Jumamosi, na kila video itakuwa na maandishi chini kwa wale wasiosikia vizuri, mliomba na mko sahihi. Kama hujajiunga, jiunge, gonga na kengele. Na ahadi yangu iko palepale: mwisho wa hadithi hausemwi hapa. Kuna chaneli nyingine, majina sina haja nayo, ukifungua tu sekunde ya kumi ameshakuambia nani anaolewa na nani. Huo ni wizi wa furaha ya mtu.

Kwa ahadi hiyohiyo, The Good Place naisema kwa tahadhari. 2016 hadi 2020, misimu minne, imebuniwa na Michael Schur, huyuhuyu aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Brooklyn Nine-Nine. Dada mmoja anakufa, anafika mahali pema peponi, na anajua fika kwamba wamekosea jina, hapo hakustahili. Nanyamaza hapo, nenda katazame. Msimu wa kwanza umalize wote hadi sehemu ya mwisho kabla hujasoma chochote popote. Ni tamthilia ya falsafa ya maadili, wanamtaja mwanafalsafa Kant na wengineo, na bado mtoto wa miaka kumi na mbili anaifuata.

Schitt's Creek. Hapa wengi huwa mnaniacha njiani. Mnaniambia, "Nimetazama sehemu mbili, hawa watu wananikera." Nawaelewa. Familia tajiri inafilisika, kinachobaki mikononi mwao ni mji mdogo ambao baba aliununua zamani kama mzaha, wanahamia vyumba viwili vya moteli, na mwanzoni wote wanne ni wabinafsi kweli. Vumilia msimu wa kwanza. Wanabadilika polepole, hakuna anayehubiriwa. Na Moira, mama wa familia, Catherine O'Hara amempa lafudhi isiyotoka nchi yoyote duniani, pamoja na ukuta mzima wa mawigi. Mwaka 2020 ilizoa tuzo zote 7 kuu za vichekesho kwenye Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, kwa msimu wake wa mwisho. Zote! Kicheko cha mashine? Hamna hata chembe.

Bei sasa. Mnaniuliza zinapatikana wapi, na jibu linabadilika kila nchi na kila mwaka, kwa hiyo tafuta jina kabla hujalipa. Huduma hizi zinazidi kupandisha ada, halafu juu yake wanaweka matangazo. Netflix walianzisha daraja lenye matangazo mwishoni mwa 2022, Prime Video wakaanza kuyapachika mwanzoni mwa 2024. Kwa vichekesho tangazo linaumiza zaidi kuliko kwa hadithi za mauaji, kwa sababu utani unategemea muda. Mtu anafungua mdomo amalizie utani, unaletewa sabuni. Ushauri wangu: lipia huduma moja kwa mwezi mmoja, tazama ulichokusudia, sitisha, hamia nyingine. Usilipie nne kwa pamoja ili uishie kutazama moja.

Filamu za televisheni. High School Musical ya Disney Channel, 2006, mmeiimba wote, sina la kuongeza zaidi ya kwamba ukiwa na watoto nyumbani bado inafanya kazi. Ninayotaka muiguse ni Columbo. Ndiyo, ni upelelezi, lakini ni nyepesi mno, na kila hadithi ina urefu wa filamu kamili. Mauaji unaonyeshwa mwanzoni kabisa, muuaji unamjua. Starehe yote ni kumtazama Peter Falk, anayeigiza mpelelezi Columbo, na koti lake lililokunjamana akimkera tajiri mwenye kiburi mpaka ajisaliti. Anaaga, anafika mlangoni, anageuka: ana swali moja tu limebaki. Ile ya 1971 iliyofungua mfululizo, Murder by the Book, iliongozwa na Steven Spielberg akiwa na miaka 24. Ukiipenda, nenda kwa Monk, 2002 hadi 2009, mpelelezi anayeogopa vijidudu, urefu, maziwa, karibu kila kitu. Filamu yake ya 2023, Mr. Monk's Last Case, usianze nayo. Ina huzuni, na inakudai uwe umeshampenda huyu mtu.

Nimebakiza ninayoipenda kuliko zote, na nasikitika kwamba haijulikani vya kutosha. Detectorists ya BBC. Mackenzie Crook ameiandika, ameiongoza na ameigiza, pamoja na Toby Jones. Wanaume wawili wenye vifaa vya kugundua vyuma vilivyofukiwa ardhini, wanatembea mashambani Uingereza wakitafuta dhahabu ya kale, na wanachokipata mara nyingi ni takataka za chuma. Basi. Misimu mitatu, 2014, 2015 na 2017, na filamu moja ya kuagia mwaka 2022. Wakiwa chini ya mti wanakula, wanaongelea kipindi cha chemsha bongo cha jana usiku kwenye televisheni, na upepo unasikika. Hakuna mtu anayedhalilishwa ili wewe ucheke. Kuna tukio wanasimama wima shambani kila mmoja na kifaa chake, hakuna anayesema neno, na mimi nacheka mpaka machozi. Sauti iliyopo ni ya ndege tu. Sehemu moja ni nusu saa, msimu mmoja unaumaliza jioni mbili bila haraka.

Kwa hiyo leo usiku kama hujui uanzie wapi, anza na hiyo, na sehemu ya kwanza usiitazame ukiwa na simu mkononi, maana utani mwingi uko usoni kwao. Niandikie hapo chini tamthilia moja nyepesi unayoona nimeinyima haki, hasa ya nchi isiyozungumza Kiingereza, kwa sababu Jumamosi ijayo nataka video nzima iwe ya hizo. Na ukiniletea yenye kicheko cha mashine, nieleze kwa nini nivumilie. Nitaitazama.