"Kwa bei ile ulitegemea nini?"

Sikununua bastola ili nitambe nayo. Nafunga duka usiku, nimeshavamiwa, nikafuata taratibu za kibali mpaka zikaisha, na ilipofika zamu ya kuchagua nikachukua ile ambayo mfuko wangu uliiweza. Milimita 9, bodi ya plastiki, magazini mbili, yaani vikasha vya kujazia risasi, kwenye boksi. Mengine yote yako kwenye karatasi za mtengenezaji. Mimi nimekuja kusema juu ya risasi ya tatu.

Siku ya kwanza uwanja wa shabaha. Ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Ya tatu nikavuta triga, nikaikuta imelegea, haina uzito wowote kidoleni. Kutazama, slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, imesimama katikati ya safari, nusu wazi, na ndani yake risasi imeinamisha pua, imejikita chini ya mlango wa chemba, tundu la nyuma ya mtutu, badala ya kupanda na kuingia. Nikatoa magazini, nikaivuta slaidi nyuma, risasi ikaangukia kiganjani. Kwenye ncha yake palikuwa na kovu jipya linalong'aa, kama lililopigwa patasi. Nimeihifadhi risasi ile mpaka leo.

Nikajaza tena. Safari hii ikapita ya tatu, ikapita ya nne, ikakwama ya sita. Nikajaza tena, ikakwama ya tatu. Mzee anayefundisha pale uwanjani akanisogelea, akaniambia nikaze kifundo cha mkono, maana mkono ukilegea slaidi hairudi kwa nguvu zake zote. Ni kweli, wanaoanza wengi wanaangushwa na hilo. Nikakaza. Ikakwama. Akaiomba, akapiga yeye, mtu ambaye ameshika bastola miaka mingi kuliko umri wangu. Ikamkwamia na yeye. Akanirudishia polepole, akasema, "Mwanangu, usiibebe hii usiku."

Asiyejua silaha atasema kukwama mara moja moja si neno. Simu ikikwama unaizima na kuiwasha, pikipiki ikizima unapiga kiki upya. Anayebeba bastola kwa ajili ya kujilinda huenda asiihitaji maisha yake yote, na akiihitaji ni kwa sekunde tatu tu. Ndani ya sekunde hizo hakuna kutoa magazini na kuvuta slaidi huku mtu anakujia na panga. Silaha ambayo sijui kama itaitika ni ya hatari kuliko mikono mitupu, kwa sababu imenipa ujasiri wa kusimama mahali nilipopaswa kukimbia.

Nikawaandikia watengenezaji. Kimya. Nikaandika tena, kimya. Baada ya wiki kadhaa nikapata namba, nikapiga, akapokea kijana. Akauliza natumia risasi gani, nikamtajia. Akasema nibadilishe. Nikamwambia nimeshajaribu aina tatu. Akauliza kama nimeisafisha. Nimeisafisha. Akavuta pumzi ile ya mtu anayetaka kwenda kula, akasema:

"Kaka, kwa bei ile ulitegemea nini?"

Nilikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaongeza kwamba wanaotaka uhakika wananunua za gharama.

Nitamjibu hapa, kwa sababu siku ile hasira ilinifunga mdomo. Nilitegemea iwake. Nikivuta triga itoke, nisipovuta isitoke, hata ikidondoka sakafuni. Baada ya hayo mawili, punguza unachotaka. Chuma kisipakwe rangi ya kupendeza, mimi sitaki rangi. Ondoa ile reli ya kufungia tochi, ondoa boksi zuri lenye sponji, ondoa nembo iliyochorwa kwa leza. Triga iwe nzito kidogo, nitaizoea. Nilipolipa kidogo nilikubali kukosa urembo. Sikukubali kukosa bastola.

Wala si kweli kwamba unafuu na uhakika haviwezi kukaa pamoja. Mwaka 1982 jeshi la Austria lilichukua bastola ya Gaston Glock, mtu ambaye kabla ya hapo hakuwa mtengenezaji wa bastola, yenye bodi ya plastiki ambayo wengi waliibeza. Plastiki ile ilipunguza kazi na gharama kiwandani, na leo karibu kila kampuni inafanya hivyo hivyo. Kuna Hi-Point ya Marekani, ambayo slaidi yake ni ya aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Zinki ni dhaifu kuliko chuma cha pua, kwa hiyo slaidi inakuwa nene na nzito, na uzito huo huo ndio unaoifunga chemba risasi inapolipuka. Ni bastola nzito, wengi wanaiita mbaya wa sura. Lakini dhamana yao ni ya maisha, hata kama wewe ni mnunuzi wa tatu wa bastola ile ile. Sasa niambie, hao wa zinki wanaweza, ninyi mnashindwaje?

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba yule kijana wa simu ndiye kinga pekee niliyokuwa nayo. Watu wanadhani serikali zimeshatukagulia. Katika nchi za Ulaya zilizomo kwenye C.I.P., mkataba wa kupima usalama wa silaha, kila bastola ya kiraia hupigwa kwanza risasi iliyozidishwa nguvu kwa takribani asilimia 30, ndipo igongwe muhuri. Ni jambo jema. Mgandamizo wa risasi ya milimita 9 unaruhusiwa kufika megapaskali 235, takribani mara elfu moja ya upepo ulio kwenye tairi la gari, na wote huo unalipuka sentimita chache mbele ya ngumi yako. Lakini kipimo kile kinaangalia kama mtutu utapasuka, hakiangalii kama risasi ya tatu itapanda. Na Marekani, ambako bastola za bei nafuu zina soko kubwa, sheria ya mwaka 1972 iliyounda tume ya usalama wa bidhaa iliziacha silaha nje ya mamlaka yake. Kibaniko cha mkate kikiunguza watu, tume inaweza kuamuru kirudishwe. Bastola ikiwa mbovu, haiwezi. Inabaki hiari ya mwenye kiwanda, au mahakama. Inabaki anayepokea simu.

Nilikuwa tayari nimeandika hapa kwamba msinunue. Mistari mitano mizima, mikali. Nimeifuta, na sababu ni hii.

Yule mzee wa uwanjani hakuniacha. Wiki moja alinipa kalamu ya wino mzito, akaniambia niandike 1 chini ya magazini moja na 2 chini ya nyingine, kisha kila ikikwama nitazame namba. Sikuwahi kufikiria hivyo. Nikapiga. Imekwama: 1. Imekwama: 1. Tena 1. Nikaiweka pembeni, nikapiga kwa namba 2 peke yake mpaka kidole gumba kikafanya lengelenge kwa kujaza. Risasi 200, siku mbili. Haikukwama hata moja.

Tukazishika zote mbili juu, tukazitazama kwenye mwanga. Juu ya magazini kuna ile midomo miwili ya bati inayoikamata risasi isiruke mpaka slaidi iisukume. Kwenye namba 2 iko sawa. Kwenye namba 1 mdomo wa kushoto umefunguka kwenda nje, unene wa ukucha, basi. Risasi inakaa upande, inasukumwa, inainamisha pua. Ukucha mmoja wa bati ndio uliokuwa unikalishe chini usiku mmoja mbele ya mtu mwenye panga.

Kwa hiyo bastola yenyewe ni nzuri. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu ni haki yake. Umbali wa mita 10 matundu yangu yote nayafunika kwa kiganja, na mimi si mlengaji hodari. Haijachubua mkono, haijalegea popote. Mwenye mfuko kama wangu angeweza kuinunua na kuridhika kabisa.

Lakini kila nikiifikiria simu ile damu inachemka upya, safari hii kuliko mwanzo. Swali moja tu. "Inakwama kwa magazini zote mbili?" Mtu aliyewahi kufundishwa kazi yake hata wiki moja angeuliza hilo kabla ya jingine lolote, na ningepata jibu siku ile ile. Wao wanazijua midomo ya magazini zao kuliko mimi. Badala yake nilibeba bastola ile miezi kadhaa kiunoni huku nikijua kwamba inaweza kuninyamazia.

Nimewapigia tena kuomba magazini nyingine, nimesema nitalipa. Hazipo, nisubiri. Bastola zenyewe zipo, kwa rangi nne, moja ya dhahabu. Mnunuzi wa kawaida hajawahi kuwaomba dhahabu. Anaomba bati lililokunjwa sawasawa na mtu wa kumsikiliza.

Je, nikushauri uichukue? Juzi ningesema chukua, ila kagua midomo ya magazini kabla hujatoka dukani. Leo, baada ya kuandika haya yote, sitaki wapate hela ya mtu mwingine kupitia mdomo wangu. Namba 2 iko ndani ya bastola. Namba 1 nimeifunga kwenye karatasi pamoja na barua na picha, nikawatumia. Sijajibiwa.