Ndimu ya unga dhidi ya ukoko wa sinki la choo: uzoefu wangu

Haya ni kwa wanaotumia maji ya kisima, hasa huku pwani: Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja. Visima vingi vya ukanda huu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa. Maji yakipita humo hubeba chokaa iliyoyeyuka, yakikauka ukingoni mwa sinki chokaa inabaki. Ndio ule mduara wa kahawia kwenye usawa wa maji na michirizi ya njano inayoshuka kutoka chini ya ukingo. Ukahawia ni kutu na mkojo ulionaswa. Kilichoushika ni jiwe.

Na kwa kuwa ni jiwe, Jik haliwezi. Linapausha tu. Asubuhi sinki ni jeupe, baada ya muda doa limerudi palepale kwa sababu ukoko haukuondoka, ulibadilishwa rangi. Vaa glavu, pitisha kidole: kama panakwaruza kama msasa laini, bado upo. Chokaa huyeyushwa na asidi. Nimetumia siki, asidi kali ya chupa na ndimu ya unga, na niliyobaki nayo ni ndimu ya unga, ileile ya kutia kwenye achari na juisi. Inapatikana maduka ya viungo, na ukitaka kilo nzima nenda duka la kemikali, nafuu yake ni kubwa kuliko vipakiti.

Siki si mbaya, ni dhaifu. Lita moja ya siki ya asilimia 5 ina gramu 50 za asidi, ambazo zikifanya kazi yote zinayeyusha chokaa ya gramu 42 hivi. Gramu 150 za ndimu ya unga zinaweza kufika 117. Ile asidi kali ya chupa, yaani asidi ya chumvi, ni ya haraka, sibishi, lakini mvuke wake unakaba koo, unakula kromu ya koki, na ikimwagika inatafuna saruji kati ya vigae. Zile zinazouzwa mtaani kwenye chupa za maji ya kunywa, bila lebo, naomba msizinunue kabisa. Ukali wake haujulikani, na mtoto akiikuta chupa hiyo atadhani ni maji.

Sasa kazi yenyewe. Fanya usiku, watu wakishalala. Funga koki ndogo ya tangi la choo, flashi, kisha sukuma maji yaliyobaki chini kwa brashi, kwa kusukuma na kuvuta haraka, mpaka mstari wa ukoko uwe nje ya maji. Yanayobaki yachote kwa kopo. Hatua hii wengi wanairuka, halafu wanasema dawa haifanyi kazi: kona ya sinki huweza kushika lita mbili au zaidi za maji, na gramu zako 150 zikizama humo nguvu inakuwa ndogo sana.

Koroga gramu 150 kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia. Kama huna mizani, vijiko 10 vya chakula vya msawazo vinakukaribisha hapo. Maji ya kuchemka usitumie, kwa sababu mbili. Kauri ikishtuliwa na joto inaweza kupasuka. Ya pili haijulikani sana: chokaa ikikutana na ndimu hutengeneza chumvi nyingine nyeupe isiyopenda kuyeyuka, na kwenye maji moto ndiyo inazidi kugoma. Inatua juu ya ukoko kama utando na kuizuia asidi isifike chini.

Mimina taratibu ukizungusha. Utaona vipovu vidogo na kusikia mchechemo hafifu. Hiyo ni chokaa inatoa gesi. Usipoona kipovu hata kimoja, doa lako huenda ni kutu tupu, au mng'ao wa kauri umeshakwisha.

Pale ambapo maji hayafiki, yaani michirizi na chini ya ukingo, tumia tishu. Chovya vipande ndani ya mchanganyiko, kamua kidogo tu, bandika juu ya doa na ukandamize hadi vishike bila mfuko wa hewa. Chini ya ukingo sokota tishu iwe kamba nene na uisukumize juu, izibe vile vitundu vya maji. Vitundu hivyo vikishazibwa na ukoko ndipo sinki linaposafishwa na maji upande mmoja tu.

Acha saa sita hadi nane. Ukipata nafasi katikati ya usiku, sugua kwa brashi mara moja tu kuondoa ule utando mweupe. Asubuhi toa tishu uitupe kwenye pipa la taka, sugua, fungua koki, flashi. Ukoko mwembamba huisha hapo. Ule mnene wa miaka huwa umelainika, unakwanguliwa kwa kadi ya plastiki au kijiti cha mbao, halafu unarudia usiku unaofuata. Stili waya hapana: inaacha mistari ya kijivu na vipande vinavyoota kutu. Msasa ni mbaya zaidi, kwani unaondoa mng'ao, na kauri iliyopoteza mng'ao hudaka chokaa haraka kuliko mwanzo.

Ushauri wa kuchanganya ndimu au siki na magadi upo kila mahali. Povu linavutia macho, lakini magadi yanaimaliza asidi kabla haijagusa jiwe. Kuhusu Jik hapa si suala la kupoteza dawa: likikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na chooni hakuna nafasi ya kukimbilia. Kama uliliweka mchana, flashi mara kadhaa, fungua dirisha, na ndimu isubiri kesho.

Kasoro zake? Ni polepole, choo kimoja hakitumiki usiku kucha, na kwa ukoko mnene hutamaliza kwa mara moja. Pia si salama kwa sakafu ya tarazo wala marumaru. Tone likidondoka futa hapohapo kwa maji mengi, la sivyo linaacha baka lisilo na mng'ao. Nyufa nyembamba za kauri zilizonywa uchafu hazisafishiki kwa asidi yoyote. Hata hivyo ndiyo dawa pekee kati ya hizi tatu ambayo naweza kuilaza ndani ya nyumba yenye watoto, mlango umefungwa, bila mvuke.

Ikiwa mchirizi mmoja wa nyuma unarudi upesi kuliko sehemu nyingine, acha kulaumu dawa, angalia tangi. Tia rangi ya chakula ndani yake, usiflashi, subiri dakika 20. Rangi ikionekana kwenye sinki, raba ya chini inavuja na inamwaga chokaa mchana na usiku. Mara nyingi raba ni nzima, ila imekalia ukoko: punguza maji ya tangi, futa kikalio chake kwa kitambaa chenye ndimu, suuza. Ikiendelea kuvuja, badilisha raba. Kisha vijiko viwili vya ndimu ya unga kila wiki, vikilala ndani ya sinki, vinatosha. Unga wenyewe weka kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana na uandike jina, maana kwa unyevu wa pwani hugandamana, na kwa macho haitofautiani na sukari.