Leica M11 mikononi mwa daktari wa kliniki ya presha

Niseme mapema: kamera si yangu. Ni ya binamu yangu anayeishi Ujerumani, alikuja Tanga likizo akaniachia niichezee wakati yeye akizunguka kwa ndugu. Ilipotoka Januari 2022 iliuzwa dola 8,995 kule Marekani, yaani zaidi ya milioni 20 za kwetu, na hapo lenzi bado. Kwa mshahara wa daktari wa serikali, tuendelee na mengine.

Nimeipenda kwa sababu ambayo wapiga picha wenyewe huenda wakanicheka. Kazini tumeletewa mfumo wa kompyuta. Zamani mgonjwa wa presha alikuwa akieleza, mimi namtazama, mkono unaandika wenyewe. Sasa kumwandikia dawa zilezile za mwezi uliopita, nafungua ukurasa wa malalamiko, nahifadhi. Ukurasa wa vipimo, nahifadhi. Halafu natafuta I10, namba ya ugonjwa wa presha, kwenye orodha ndefu inayoanzia A00 ambayo ni kipindupindu. Nikitulia kidogo kumsikiliza mtu, mfumo unanitoa nje, niingize nywila upya. Bibi mmoja alinivumilia weee, mwisho akauliza: “Mjukuu wangu, mgonjwa ni mimi au hiyo tivii?”

Faida zipo, nisiwe mnafiki. Majibu ya maabara yanafika mezani kabla mgonjwa hajarudi. Famasi hawanirudishii tena mtu kwa sababu ya mwandiko wangu. Aliyepoteza kadi, presha zake za nyuma naziona zote. Lakini macho yangu yamehamia kwenye kioo, na hilo linaniuma.

Sasa ishike M11. Hii nyeusi ina takriban gramu 530, imejaa kiganjani vizuri. Kasi ya kupiga unaipanga kwa gurudumu la juu, upande wa kulia. Wepesi wa kunasa mwanga una gurudumu lake kushoto. Tundu la kupitishia mwanga liko kwenye lenzi yenyewe, unalizungusha linaita tik, tik. Kabla hujaiwasha, ukitupa jicho mara moja tu unajua imepangwaje. Baada ya muda hata hilo jicho hulihitaji, vidole vimeshakariri, kama vinavyojua mahali pa mapigo kwenye kifundo cha mkono.

Nilikwenda nayo soko la samaki la Deep Sea, asubuhi, mashua zinaposhusha. Kamera hii hailengi yenyewe. Unachungulia kidirishani, katikati unaona taswira mbili za kitu kilekile zimepishana, unazungusha lenzi mpaka zikae pamoja. Mzee mmoja alikuwa anapasua jodari. Kope zake zilikuwa mbili mbili, nikazungusha taratibu zikawa moja, nikabonyeza. Akanicheka: “Dokta, unapiga au unapima?” Nikamwamkia, tukaendelea na maongezi, na kamera ikiwa usoni bado nilikuwa namwona yeye. Kidirisha kinakuonyesha hata kilicho nje ya fremu, kwa hiyo nilimwona mchukuzi na beseni lake kabla hajaingia kwenye picha.

Picha zina megapikseli 60. Nimekuza ile ya mzee mpaka magamba yaliyoganda kwenye kucha yanahesabika. Ukitaka faili ndogo unashusha hadi 36 au 18, na nakushauri ushushe, maana faili ghafi za ukubwa kamili zinapita megabaiti 70 kila moja. Kompyuta yangu ya nyumbani ilizifungua kwa manung'uniko.

Kasoro zake si ndogo. Haipigi video kabisa. Watoto wanaokimbia, sahau. Ukimaliza kulenga, wameshafika mtaa wa Ngamiani. Pia haikuzibwa rasmi dhidi ya maji, na pale ufukweni chumvi inarushwa na kila wimbi, hivyo muda mwingi niliificha chini ya shati. Kwa bei ile, hilo halisameheki.

Mwenye pesa ya kawaida na aliyevutiwa na magurudumu haya, namwelekeza Fujifilm X100VI ya 2024. Ilianza kwa dola 1,599, ina megapikseli 40, gurudumu la kasi liko juu, tundu linazungushwa kwenye lenzi vilevile, na inalenga yenyewe. Lenzi yake haitoki, ndiyo moja tu hiyo hiyo. Kwangu mimi inatosha, na nikienda Dar nitaiulizia.

Kabla binamu hajaondoka niliipeleka kazini, nikamshikisha kijana wetu wa TEHAMA. Akaigeuza geuza, akauliza menyu iko wapi. Nikamwambia kwanza apige picha. Alipopiga ya tatu bila kuuliza kitu, nikamweleza shida yangu na ile orodha. Ameahidi kwamba kwa kliniki ya presha, I10 itapandishwa juu kabisa. Jumatatu nitafungua nione.