Uzoefu wangu na Cartoon Network: kutoka dishi la mjomba Mikindani hadi kifurushi nilichokishusha

Mwezi huu nimeshusha kifurushi cha king'amuzi. Kwa miaka mitano nimekuwa nikilipia kile kikubwa kwa sababu moja tu, chaneli za watoto, na kati ya hizo niliyoitaka hasa ni Cartoon Network. Wazazi wenzangu hapa Mtwara huniuliza kama inafaa kupanda kifurushi kwa ajili ya watoto. Zamani nilikuwa nasema lipia. Sasa nasema usilipie, na nitaeleza kwa nini, maana chaneli hii nimeipenda tangu utotoni.

Mimi ni mchoraji wa mabango na kuta. Sikusomea chuoni, nilijifunzia sebuleni kwa mjomba, Mikindani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mjomba alikuwa fundi redio, na uani kwake kulikuwa na dishi la wavu, kubwa kiasi kwamba mtoto angeweza kujilaza ndani yake. Televisheni ya mtaa mzima ilikuwa ile. Tulijazana kwenye mkeka mpaka mlangoni. Usiku ukiingia katuni zinakatika, chaneli ileile inaanza filamu za kale za watu wazima, na mjomba anasimama: "Haya wajomba, kwenu sasa."

Kiingereza hatukukijua hata mmoja wetu, na hatukupungukiwa na kitu. Tom and Jerry haihitaji mkalimani. Chuma kinamwangukia paka, kichwa kinachukua umbo la chuma, muziki unakuambia kama ucheke au usubiri. Mambo yale yalitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema tangu 1940, na William Hanna na Joseph Barbera. Ted Turner, tajiri wa televisheni wa Marekani, alinunua maktaba ya filamu za studio ya MGM mwaka 1986, na mwaka 1991 akainunua na studio ya Hanna-Barbera yenyewe. Akawa na ghala zima la katuni. Tarehe 1 Oktoba 1992 akafungua Cartoon Network, chaneli ya kebo ya katuni tupu huko Marekani. Sisi wa Mikindani tulikuwa tunakula kutoka kwenye ghala hilo bila kujua mwenye nalo.

Kisha wakaanza kupika vya kwao. Dexter's Laboratory mwaka 1996, Johnny Bravo na Cow and Chicken 1997, The Powerpuff Girls 1998. Hapo ndipo mimi nilipochukua kalamu. Watazame wale mabinti watatu kwa karibu: mstari mweusi mnene umewazunguka mwili mzima, macho yamechukua nusu ya uso, mikono haina vidole. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuwachora, na akikosea mstari, kosa linaonekana papo hapo. Nilijaza kaunta buku nzima kwa mstari ule. Ilipokuja Samurai Jack ya Genndy Tartakovsky, mwaka 2001, nikavurugwa kabisa, kwa sababu mstari haupo! Rangi inakutana na rangi, basi. Na zinapita dakika nyingi hakuna anayesema neno, unasikia upepo na hatua tu. Sijaona tena kazi ya watoto inayomwamini mtazamaji kiasi kile.

Ben 10 ya 2005 ilipofika huku, mabegi ya shule sokoni yalikuwa yeye mtupu. Baada yake zikaja Adventure Time na Regular Show, zote za 2010. Ni kazi nzuri, siwezi kuzikana. Ila ni za maneno. Kichekesho kimo kwenye namna mtu anavyosema, tena kwa Kiingereza cha haraka, na mtoto wa Chikongola hapa Mtwara anabaki kutazama midomo ikienda. Kwangu mimi chaneli ilianza kuondoka mikononi mwa watoto wa huku wakati huo, kabla ya matatizo ya fedha.

Nayo fedha ikafuata. Watoto wamehamia kwenye simu, familia Marekani zimekata kebo, na matangazo yamewafuata watazamaji. Kampuni mama ikapita mkono hadi mkono: Time Warner mwaka 1996, AT&T mwaka 2018, Warner Bros. Discovery mwaka 2022. Mwaka huohuo wa 2022 studio ya Cartoon Network ikaunganishwa na ya Warner Bros. Animation, mwaka 2023 wakalihama jengo lao la Burbank, Marekani, na Agosti 2024 tovuti yao yenye michezo ikafungwa, ukiingia unapelekwa kwenye huduma ya kulipia. Chaneli ipo bado. Jiko ndilo limepoa.

Kuhusu huduma yenyewe hapa kwetu: nakaa Shangani, karibu na bahari, na chumvi imeshakula nati za dishi mara mbili. Dishi likilegea upepo unalisogeza kidogo tu na picha inapotea. Fundi nimemsubiri siku tisa, na siku hizo tisa kifurushi kiliendelea kuhesabu. Nilipopiga simu kwa wakala aliyeniuzia, alinijibu kwamba siku haziongezwi. Ukifunga dishi ufukweni, dai nati zisizoshika kutu, na zipake grisi kila masika yakikaribia.

Binti yangu ana miaka saba. Katuni anayoijibu kwa sauti ni Ubongo Kids, iliyoanza mwaka 2014 kwenye TBC1, kwa Kiswahili. Wakiuliza hesabu anapiga kelele jibu kabla yao. YouTube ipo pia, na bando la wiki kwangu ni nafuu kuliko ile tofauti ya kifurushi.

Wiki iliyopita nilikuwa na kazi ya kupaka ukuta wa chekechea. Niliwapendekezea wale mabinti watatu. Mwalimu akawaita watoto waone mchoro kwenye karatasi, wakautazama kwa adabu, hakuna aliyewajua. Wakamtaka Akili, yule mtoto wa katuni ya Akili and Me anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Nimemchora mkubwa, kutoka sakafuni hadi dirishani, na nimemzungushia rangi nyeusi ya mafuta kwa brashi ya inchi mbili, mstari mnene, bila kuinua mkono.