Kabla ya kununua raifo, ulizia msokoto wa mtutu

Msomaji mmoja wa Handeni kanitumia picha ya karatasi ya shabaha. Matundu si duara. Ni marefu, risasi imepita ubavu na kuacha umbo lake zima kwenye karatasi. Raifo yake ni ya risasi aina ya .223, yenye msokoto wa inchi 12, yaani risasi huzunguka mara moja kila inchi 12 za mtutu. Dukani Dar wakamuuzia risasi zenye vichwa vya shaba vya greni 70 (greni ni kipimo cha uzito), ambavyo watengenezaji wake, Barnes, wanataka inchi 8 au pungufu, yaani mzunguko wa haraka zaidi.

Habari za darubini na urembo wa kitako mtazipata kwingine. Mimi nang'ang'ania msokoto. Risasi ni kama pia ya watoto: isipozungushwa vya kutosha, inayumba na kulala. Na kinachodai mzunguko zaidi ni urefu wa kichwa kuliko uzito wake. Mwanahisabati Mwingereza Greenhill alishaiwekea hesabu mwaka 1879. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi yanayojaza vichwa vya kawaida, kwa hiyo kwa greni zilezile kichwa cha shaba kinakuwa kirefu. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Hata wakubwa waliteleza. Mwaka 1955 Remington, watengenezaji wa bunduki wa Marekani, walitoa raifo za risasi ya .244 zenye msokoto wa inchi 12. Wawindaji waliotaka vichwa vya greni 100 wakakimbilia .243 ya washindani wao Winchester, yenye inchi 10. Mwaka 1963 Remington wakaibadili jina ikawa 6mm, kwa msokoto wa inchi 9. Soko lilishahama.

Chaguo langu la kwanza kwa mbawala na ngiri ni CZ, raifo ya Kicheki, ya risasi ya .30-06, inchi 10. Sifichi, CZ naipenda, na msokoto huo unabeba karibu kila kichwa utakachokipata. La pili ni .375 H&H, CZ 550 hata iliyotumika, inchi 12; kwa nyati ndiyo hiyo. La tatu ni .308, ila hapo upime, maana zipo za inchi 10 na za 12. Kwa vichwa virefu chukua 10. Za bei chee zote: pima, kisha uamue.

Kupima ni rahisi. Hakikisha bunduki haina risasi. Funga kitambaa kinachobana kwenye ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka, weka alama, sukuma taratibu mpaka alama irudi juu. Inchi ulizosukuma ndizo msokoto.

Fanya hivyo kabla hujalipa. Leseni ikishaandikwa namba ya silaha, kubadilisha ni kuhangaika upya na polisi.

Wauzaji sasa. Bei wanazitaja haraka, msokoto hawaujui. "Zote .223, ni zilezile." Duka moja nilipouliza ni inchi ngapi, kijana akanijibu, "Mama, mwambie mzee aje mwenyewe." Mzee wa nyumbani kwangu hajawahi kushika hata manati.