Feni ya kunyonya hewa ya inchi 6: nimekaa nayo Mtwara misimu miwili ya mvua

Kwa mwenye haraka: feni ni nzuri, nunua, ila fundi wa kuifunga ana umuhimu kuliko feni yenyewe, na kama ukuta wako unapanda maji kutoka chini basi hela peleka huko kwanza. Kwa mwenye muda naeleza yote mana hili jambo la unyevu na kuvu ndani ya nyumba limenihangaisha miaka mitatu na ndani yake kuna mtoto.

Tunakaa Shangani, bahari sio mbali. Nyumba tulihamia 2021, mpya kabisa, dari ya jipsamu, vigae, madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi, chumba masta kina choo na bafu ndani. Kwa macho nzuri sana. Kifuku cha kwanza tu, kuanzia Desemba kwenda Aprili, nikaanza kuona vidoti vyeusi kwenye pembe za dari ya bafu, alafu nyuma ya kabati, alafu siku natoa viatu vya mume wangu vya ngozi nakuta vimeota ukungu wa kijani, mkoba wangu hivyo hivyo, na nguo zina ile harufu ya kukunjwa mbichi wakati nilizianika zikakauka kabisa. Mtoto wetu wa pili ana pumu. Usiku wa mvua alikuwa anakohoa mpaka tunakaa naye sebuleni na pampu yake hadi alfajiri. Daktari ndo aliniuliza swali ambalo sikutegemea, nyumbani kwenu kuna kuvu? Shirika la Afya Duniani 2009 walitoa mwongozo kabisa kuhusu unyevu na kuvu majumbani, wakasema wanaoishi kwenye nyumba za hivyo wanapata zaidi kikohozi, kubanwa kifua na pumu kuzidi. Kwa hiyo hili sio suala la urembo wa ukuta.

Baba mkwe ni mkulima wa korosho Newala, alivyokuja kututembelea akaingia chumbani, akanusa, akaniambia mwanangu, korosho ukiifunga kwenye gunia haijakauka inaota kuvu, nyie mmejifunga kwenye gunia. Nimelifikiria sana lile neno. Mana ni kweli, nyumba ya bibi yangu Mikindani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, juu kuna matundu ya hewa, pale inanyesha wiki nzima na ndani hakunuki. Sisi tumejenga ya kisasa tukaziba kila tundu, dirisha la kuslaidi lenyewe linafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo kimesimama, alafu watu sita tunaoga, tunapika, tunapumua humo humo.

Na kupika kwa gesi ndo watu wengi hawajui, gesi ikiungua inatoa maji. Kilo moja ya gesi ya mtungi inatoa kama kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, inazidi kidogo. Mtungi wa kilo 15 mpaka unaisha umeshamwaga zaidi ya lita 20 za maji hewani jikoni kwako, hapo bado hujahesabu mvuke wa wali na maharage. Yale maji lazima yaende mahali, kama hayatoki nje yanaingia kwenye jipsamu na kwenye nguo.

Basi feni nimenunua mbili kwenye duka la vifaa vya umeme karibu na Soko Kuu, 45,000 moja, ya plastiki nyeupe, nyuma ina vipande vinavyojifungua ikiwaka na kujifunga ikizimwa. Kwenye boksi imeandikwa wati 25 na kwamba inatoa hewa mita za ujazo 250 kwa saa. Muuzaji alikuwa mkweli, akaniambia dada hizo namba za boksi chukua nusu. Nikapiga hesabu, bafu letu ni mita 2 kwa 1.5 na kimo 2.7, jumla mita za ujazo 8 na kidogo, kwa hiyo hata ikitoa nusu ya walichoandika inabadilisha hewa yote ya bafu mara 15 kwa saa, na kawaida mafundi wanataka angalau mara 8. Inatosha na kubaki. Umeme usiogope, wati 25 ukiwasha masaa matatu kwa siku, mwezi mzima haifiki uniti mbili na nusu za LUKU.

Sasa kufunga. Fundi wa kwanza (simtaji, sitaki ugomvi, nataka mjue tu kosa lenyewe) alitoboa dari ya bafu, akapachika feni, akaunganisha umeme, akapokea 20,000 yake akaondoka. Feni inavuma vizuri kabisa. Kumbe hewa yote ya mvuke inatupwa ndani ya dari, kati ya jipsamu na bati. Wiki ya sita hivi dari ya chumba cha watoto, sio ya bafu, ikaanza kuchora ramani za kahawia, tulivyopanda juu na tochi tukakuta mbao zimelowa kama zimenyeshewa na misumari ina kutu mpya. Tulikuwa tumechukua unyevu wa bafu tukaupeleka juu ya vichwa vya watoto. Niliumia sana siku ile kwa sababu hela nilitoa kwa ajili ya huyo huyo mtoto.

Fundi wa pili alipatikana kupitia shemeji, mtu mzima, anafanya taratibu na anaeleza. Kitu cha kwanza hakugusa feni, alichukua kipande cha tishu akakiweka chini ya feni inayowaka mlango umefungwa. Tishu ikaanguka. Akafungua mlango, akarudia, tishu ikanasa pale pale. Akaniambia mama, hii feni haina cha kunyonya, hewa inatokea wapi? Na kweli mlango wa bafu chini nilikuwa nimeupiga mpira kuzuia mende, dirisha nalo muda wa kuoga linafungwa. Feni inavuma lakini hamna hewa inayoingia kwa hiyo hamna inayotoka. Tukatoa ule mpira tukaacha upenyo wa kama sentimita mbili chini ya mlango. Alafu feni akaitoa darini akaipeleka ukutani juu kabisa karibu na dari, akapitisha kipande cha bomba la PVC mpaka nje, akalilaza kidogo kuelekea nje ili mvua isirudi ndani, mbele akaweka elbo imeangalia chini na wavu wa chuma kuzuia popo na ndege. Na wavu uwe wa matundu makubwa kiasi, akasema, ule wa mbu unaziba vumbi mwezi mmoja. Kazi ya siku moja, 35,000 na vifaa nilinunua mwenyewe. Huyu kwangu nyota tano bila kufikiria.

Nilinunua pia kipima unyevu kidogo cha betri, kile chenye kioo cha namba, nashauri kila mwenye tatizo hili awe nacho kabla hata ya feni kwa sababu kinakutoa kwenye kubahatisha. Mwezi wa pili asubuhi nje kilikuwa kinasoma asilimia 86, bafuni baada ya watu wawili kuoga 97. Zamani ile 97 ilikuwa inabaki mpaka mchana. Saivi feni ikiendelea dakika 20 baada ya mtu wa mwisho kutoka inarudi 87, 88. Hapo ndo mwisho wake, na hapa nataka nieleweke: feni haikaushi hewa, inabadilisha tu, ukibadilisha hewa yako na ya nje yenye 86 utapata 86. Wanaosema hizi feni hazifanyi kazi huku pwani wengi wanategemea ishuke 60 katikati ya mvua, haiwezi. Inachofanya ni kuondoa ule mzigo wa juu, na kuvu inapenda sana pale inapokaa zaidi ya 80 siku baada ya siku bila kupata nafuu. Nafuu yenyewe tunaitafuta mchana, kuanzia saa tano mpaka saa kumi jua likiwa limewaka nafungua madirisha pande mbili zinazotazamana, mapazia juu, milango ya makabati wazi, usiku na alfajiri nafunga. Kipindi cha kusi mwezi wa saba wa nane mchana kipima kinashuka mpaka sitini na kitu na hapo nyumba inakauka yenyewe.

Kwa kusi hiyo hiyo feni ya jikoni imenipa somo. Fundi wa kwanza aliifunga ukuta wa kusini kwa sababu ndo ulikuwa karibu na nyaya. Upepo wa kusi ukianza kupiga, feni ndogo ya wati 25 inashindana na upepo wa bahari, haiwezi, vile vipande vya nyuma vinapiga kelele tak tak tak usiku kucha na moshi wa samaki unarudishwa ndani. Tukaihamishia ukuta wa pili unaokingwa na upepo, dirisha la kusini tukaliacha liingize hewa, feni itoe upande wa pili, upepo sasa unaisaidia badala ya kuipinga. Na mjue, feni ya jikoni sio ruhusa ya kuingiza jiko la mkaa ndani mkafunga mlango, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua, mkaa ukae nje.

Ambapo feni haikunisaidia hata kidogo ni ukuta wa sebule. Chini pale, kama nusu mita kutoka sakafuni, rangi ilikuwa inabanduka magamba na unga mweupe wa chumvi unatoka, tumepaka mara mbili, mara ya pili rangi ya mafuta, ikavimba zaidi. Yule fundi wa pili akafanya jaribio ambalo yeyote anaweza, alikata kipande cha nailoni akakibandika ukutani kwa selotepu pande zote nne, akasema tusiguse siku mbili. Ukikuta majimaji juu ya nailoni upande wa chumbani, unyevu unatoka hewani. Ukikuta chini ya nailoni, upande wa ukuta, basi unatoka ukutani. Ya kwetu ilikuwa imelowa chini, juu kavu. Sababu tulikuwa nayo nje, bustani ya maua niliyoipanda mwenyewe, udongo umepanda ukapita usawa wa ile nailoni ya msingi ya kuzuia maji, na bati halina gata kwa hiyo mvua yote inachimba pale pale. Tumeondoa udongo, tukaweka gata na mfereji, ukuta tukaukwangua tukauacha wazi bila rangi miezi minne. Saivi mkavu. Feni kumi zisingefanya ile kazi.

Kuhusu dari yenye vidoti, msipake rangi juu yake, hata hiyo inayoitwa ya kuzuia fangasi, kuvu itapasua itoke. Vigae nilisugua kwa maji ya jiki, dirisha wazi, na jiki usichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo, inatoa gesi mbaya sana hasa kwa mwenye pumu. Jipsamu iliyolowa na kulainika tuliikata tukaweka mpya, haioshwi ikapona. Vile viboksi vya kunyonya unyevu vinavyouzwa madukani vinafaa ndani ya kabati lililofungwa tu, changu kilijaa maji wiki tatu, ukikiweka chumbani wazi unakausha Bahari ya Hindi. Makabati yenyewe tumeyasogeza sentimita tano kutoka ukutani na hiyo ya bure imesaidia kuliko nilivyodhani.

Mapungufu ya feni: skrubu zake zimekula kutu ndani ya miezi mitano, badilisheni siku ile ile ya kufunga muweke za steinlesi, chumvi ya huku haina huruma. Ya jikoni inashika mafuta, kila mwezi naizima kwenye swichi kuu na kufuta mabapa kwa maji ya moto na sabuni, nikipitiliza inaanza kuvuma kwa shida. Sauti yake kwa chumba masta ni kubwa kidogo, mtu mwenye usingizi mwepesi ataisikia. Swichi tumeitenganisha na taa ili iendelee kuzunguka mtu akishatoka, hilo mwambieni fundi mapema kabla hajavuta waya.

Mtoto msimu huu wa mvua uliopita tumeamka naye usiku mara mbili, msimu wa kabla ya hapo niliacha kuhesabu. Dawa zake anaendelea nazo kama alivyoandikiwa, sijaacha hata moja. Duka pia wana ya inchi 4 kwa bei ya chini, kwa bafu la ukubwa wa letu nadhani ingetosha na ingekuwa na sauti ndogo, ya inchi 6 ningeiacha kwa jikoni.